"Usalama wa Kwanta" au "Usalama Dhidi ya Kwanta"? Uhakiki wa Istilahi na wa Wajibu wa Mwendeshaji wa Taifa wa Simu baina ya Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi "usalama wa kwanta" pamoja na wajibu ambao istilahi hiyo inambebesha, au inamwondolea, mwendeshaji wa taifa wa mtandao wa simu. Hoja kuu ni kwamba -a unganifu inayoyashikamanisha maneno hayo mawili inaficha uamuzi wa kisera: inaziweka chini ya jina moja teknolojia mbili zisizofanana kwa gharama, kwa masafa, wala kwa watu zinaowalinda. Kwa kutumia njia ya mawasiliano kutoka Nakivale kupitia Mbarara hadi Kampala kama kielelezo, makala yanaonesha kwamba ni moja tu kati ya teknolojia hizo inayoweza kumfikia mkimbizi, ilhali yeye ndiye mwenye siri zinazohitaji kutunzwa kwa miaka mingi zaidi. Yanapendekeza istilahi mbili badala ya moja, na dhana ya "umri wa siri" iingizwe katika masharti ya leseni na katika maelezo ya ridhaa.

Istilahi muhimu: usimbaji fiche, kwanta, -a unganifu, umri wa siri, amana, Nakivale

1.0 Utangulizi

Nyamitanga ni kilima kilicho ng'ambo ya mto Rwizi, mkabala na kitovu cha Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020. Umbali kutoka jijini hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ni kilomita zipatazo 60. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, Wanyarwanda wakiwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Leo wanaishi humo pia Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Mjini Mbarara lugha ya mtaani ni Kinyankore. Nakivale, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wengi waliotoka nchi tofauti. Kwa hiyo maswali ya nani atunze taarifa za nani, kwa njia gani na kwa muda gani, kwa wengi wao huulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili.

Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) ziliendesha uhakiki wa wakimbizi nchi nzima kwa kuchukua alama za vidole na picha za mboni za macho. Zaidi ya watu milioni 1 walihakikiwa. Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) iliruhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa vitambulisho vyao vya ukimbizi au barua za uthibitisho. Agizo hilo lilikuwa la manufaa makubwa, kwani mtu asiye na laini yenye jina lake hana akaunti ya pesa za simu yenye jina lake. Hata hivyo, ndilo pia lililoliunganisha daftari la ukimbizi na daftari la simu. Tangu hapo kampuni ya simu imekuwa mmojawapo wa watunzaji wa utambulisho wa mkimbizi.

Katika mazingira hayo ndimo mjadala wa kompyuta za kwanta unapoingia. Kwa kawaida mjadala huo huwahusu mabenki, majeshi na wizara. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo cha wajibu wa mwendeshaji wa taifa kianzie upande wa pili, kwa mtu ambaye siri yake ina umri mrefu kuliko leseni ya anayeitunza.

2.0 Tishio na mipaka yake

Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeweza kutatua kwa haraka hesabu ambazo kompyuta za kawaida hazizimudu. Usimbaji fiche wa ufunguo wa umma, unaolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, umejengwa juu ya ugumu wa hesabu hizo. Kompyuta ya namna hiyo bado haijapatikana. Hatari iliyopo leo ni ya kunakili: mwenye nia mbaya anaweza kunasa data iliyosimbwa sasa, akaiweka ghalani, akangoja siku ya kuifungua.

Mtaalamu wa usimbaji Michele Mosca ameliweka jambo hili katika hesabu nyepesi. Chukua miaka ambayo siri inapaswa kudumu, ongeza miaka itakayotumika kubadilisha mifumo. Jumla ikizidi miaka iliyobaki kabla ya kompyuta hiyo kupatikana, siri hiyo imekwisha kuhatarishwa. Katika hesabu hii tarakimu ya kwanza ina uzito wa pekee, nayo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Namba ya siri ya pesa za simu inaweza kubadilishwa leo jioni. Alama ya kidole haibadilishwi. Mtoto aliyehakikiwa mwaka 2018 akiwa na miaka 10 atakuwa na miaka 27 ifikapo 2035, na kidole chake kitakuwa kilekile.

Ni lazima pia kusema tishio haligusi nini. Utambuzi wa kawaida baina ya kadi ya simu na mtandao hutumia ufunguo mmoja unaojulikana na pande mbili, na algoriti ya Shor haiuvunji ufunguo wa aina hiyo. Huduma za menyu za simu za kawaida, zile zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, zina udhaifu wa zamani zaidi: ujumbe wake haulindwi kutoka simu ya mteja hadi mwisho wa safari, bali hulindwa katika vipande vya njia tu. Anayeibiwa kwa sababu alimtajia wakala namba yake ya siri hakuibiwa na kwanta. Sera itakayotangaza ulinzi wa kwanta bila kuyagusa hayo itakuwa imeweka kufuli jipya kwenye nyumba isiyo na dirisha.

Yanayoguswa ni mengine: miunganisho baina ya vituo vya mwendeshaji, mawasiliano kati ya daftari la usajili na mifumo ya serikali, milango ya kidijitali ya pesa za simu inayotumiwa na mabenki na mashirika ya misaada, saini zinazothibitisha programu mpya za mitambo, na katika 5G, iliyozinduliwa Uganda mwaka 2023, mbinu ya kuficha namba ya utambulisho ya mteja. Humo ndimo usimbaji wa ufunguo wa umma unamofanya kazi, na aghalabu ni mwendeshaji, si mteja, awezaye kuubadilisha.

3.0 -A unganifu na uamuzi uliofichwa

Katika Kiswahili -a unganifu hubeba mahusiano mengi. "Chandarua cha nailoni" ni chandarua kilichotengenezwa kwa nailoni. "Chandarua cha mbu" ni kilichotengenezwa kumzuia mbu. "Dawa ya mitishamba" hutokana na mitishamba. "Dawa ya malaria" huipiga malaria. Msemaji hakosei, kwa sababu anamjua mbu na anaijua nailoni. Maana haitoki kwenye kiunganishi; hutoka katika ujuzi wa mambo yaliyounganishwa.

"Usalama wa kwanta" hauna bahati hiyo. Wasomaji wengi wa nyaraka za sera hawajui kama kwanta hapo ni nailoni au ni mbu. Istilahi inaweza kusomeka kama usalama unaoletwa na fizikia ya kwanta, na inaweza kusomeka kama usalama unaoikinga data na kompyuta ya kwanta. Hizi ni teknolojia mbili. Ya kwanza ilipendekezwa mwaka 1984 na Charles Bennett na Gilles Brassard: pande mbili hupeana ufunguo kwa chembe za mwanga ziitwazo fotoni, na anayejaribu kuzidukua huacha alama. Inahitaji mitambo maalumu kila mwisho wa njia. Ya pili ni algoriti mpya za kihisabati zinazotumika katika kompyuta na simu zilizopo. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) ilichapisha viwango 3 vya kwanza vya aina hii tarehe 13 Agosti 2024.

Utata huu una gharama. Mshauri akiandika kwamba nchi inahitaji "mtandao wenye usalama wa kwanta", muuzaji wa mitambo ya fotoni na mtayarishaji wa programu wote wawili wataona wameitwa. Atakayeshinda huenda akawa yule ambaye kifaa chake kinaonekana kwa macho na kinaweza kuzinduliwa kwa kukatwa utepe.

Istilahi ya pili inayojitokeza, "usimbaji fiche wa baada ya kwanta", haisaidii. Imefuata umbo la Kiingereza, na katika Kiswahili "baada ya" ni neno la wakati. Msomaji anaambiwa kwamba jambo hili litafanywa kwanta ikishapita, ilhali maana yote ya hesabu ya Mosca ni kwamba lifanywe kabla. Hakuna istilahi iwezayo kumlegeza mtunga sera kuliko ile inayomtajia wakati usio sahihi.

Inafaa basi kutumia istilahi mbili: "ugawaji wa funguo kwa fotoni" kwa teknolojia ya kwanza, na "usimbaji unaohimili kwanta" kwa ya pili. Kitenzi "kuhimili" kinasema nani anakabiliana na nani, nacho hakiahidi ushindi wa milele. Sifa kama "usiovunjika" ziepukwe kabisa. Mwaka 2022 algoriti ya SIKE, iliyokuwa katika mchujo wa NIST, ilivunjwa kwa kompyuta ya kawaida. Kinachohimili leo huenda kisihimili kesho, na mfumo mzuri ni ule unaoweza kubadilishiwa algoriti bila kubomolewa.

4.0 Njia ya Nakivale hadi Kampala kama kipimo

Tofauti ya teknolojia hizi mbili inaonekana wazi zikipimwa kwa njia halisi. Mkongo wa mawasiliano wa serikali ya Uganda, uliojengwa chini ya Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari (NITA-U), unafika Mbarara na kuendelea hadi Kabale na mpaka wa Katuna. Tawi lingine linafika Mutukula, mpakani mwa Tanzania. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita zipatazo 270.

Katika kebo ya faiba fotoni hupotea njiani, na ugawaji wa funguo kwa fotoni huwa mgumu masafa yanapozidi takriban kilomita 100. Njia ya Mbarara hadi Kampala ingehitaji vituo vya kati, tuseme Lyantonde na Masaka. Katika kila kituo ufunguo hufunguliwa na kufungwa upya, maana yake kwa dakika hiyo uko wazi ndani ya chumba cha mwendeshaji. Teknolojia inayosifiwa kwa kumwondolea mtumiaji haja ya kumwamini mtu inamrudisha mahali pale pale: lazima awaamini wenye funguo za vyumba hivyo. Tena inakomea faiba inapokomea. Mwisho wa safari, kutoka mnara hadi simu ya mkazi wa Nakivale, ni mawimbi ya redio, na simu yake haina mtambo wa kupokea fotoni.

Hii haimaanishi kwamba teknolojia hiyo haina mahali pake Afrika. Mjini Durban, watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walihusika katika kuitumia wakati wa Kombe la Dunia la 2010 kwenye kiungo cha uwanja wa Moses Mabhida, na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba satelaiti ya China iligawa funguo baina ya Beijing na Stellenbosch, umbali wa kilomita 12,900. Ni mafanikio ya kisayansi yanayostahili heshima. Hata hivyo, vyombo vya usalama wa mtandao vya Uingereza na Marekani vimeshauri kwamba kwa matumizi ya kiserikali kipaumbele kiwe usimbaji unaohimili kwanta. Sababu walizotoa, yaani mitambo maalumu, vituo vya kuaminiwa na kutothibitisha aliye upande wa pili, zinauma zaidi kwenye bajeti ndogo.

Usimbaji unaohimili kwanta nao una uzito wake. Katika kiwango kinachotumika sana cha ML-KEM, ufunguo wa umma una baiti 1,184, mahali ambapo mbinu iliyoenea leo hutumia baiti 32. Ujumbe mmoja wa menyu ya simu ya kawaida una herufi 182 tu. Ufunguo huo hauwezi kuingia humo. Kwa hiyo simu za kawaida hazitalindwa kwa kupachika algoriti mpya juu ya menyu ya zamani. Kwenye simu janja, kinyume chake, mabadiliko yamekwisha kuanza bila mwendeshaji kuombwa ruhusa: programu ya Signal iliingiza kinga hiyo mwaka 2023, na vivinjari vikubwa vikafuata 2024. Matokeo yake ni tabaka mbili. Mwenye simu janja amekingwa kwa kiasi na watengenezaji wa programu walio mbali. Mwenye simu ya kitufe amebaki mikononi mwa mwendeshaji peke yake.

5.0 "Mwendeshaji wa taifa" ni nani?

-A unganifu inazua utata mwingine katika "mwendeshaji wa taifa": ni wa taifa kwa kumilikiwa nalo, au kwa kulihudumia? Historia ya Uganda inatoa majibu mawili. Kampuni ya Uganda Telecom ilitokana na mgawanyo wa shirika la umma la posta na simu chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 1997. Mwaka 2000 asilimia 51 ya hisa zake iliuzwa kwa wawekezaji. Baadaye hisa nyingi zikawa mikononi mwa Walibya. Aprili 2017 ikawekwa chini ya msimamizi, na mali zake zikahamia kwa kampuni mpya ya serikali mwaka 2022. Katika miaka hiyo yote aliyebadilika ni mwenye hisa. Kumbukumbu za wateja hazikuwa na sauti katika mabadiliko hayo.

Jibu la pili ni la leseni. UCC ina daraja la leseni ya mwendeshaji wa taifa linalozihusu pia kampuni binafsi. MTN Uganda ilipata leseni ya miaka 12 mwaka 2020. Airtel Uganda ikapata ya miaka 20 mwaka huohuo. Tarehe hizi zina maana. Rasimu ya mpito ya NIST ya Novemba 2024 inakusudia algoriti zinazotumika sana leo zianze kuachwa baada ya 2030 na zisiruhusiwe baada ya 2035. Leseni ya kwanza inakwisha 2032, katikati ya mpito. Ya pili inakwisha 2040, miaka 5 baada yake. Majadiliano ya masharti ya leseni ni mlango ambao UCC tayari inao. Haihitaji kungoja sheria mpya.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mwendeshaji ndiye kata: haumiliki mtungi wala maji, lakini hakuna anayezama mara nyingi kama yeye. Uhakiki wa haki lazima useme pia kwamba kata hii inashikwa na mikono zaidi ya mmoja. Sheria ya Uganda ya unasaji wa mawasiliano ya mwaka 2010 inawataka waendeshaji wawe na mitambo inayowezesha unasaji ulioidhinishwa. Usimbaji wowote kwenye mkongo, hata unaohimili kwanta, haufungi mlango huo, wala haukukusudiwa kuufunga. Anayemwambia mkimbizi kwamba mawasiliano yake "yana usalama wa kwanta" bila kumwambia hili atakuwa amesema kweli nusu, na kwa mtu aliyekimbia dola, nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

6.0 Umri wa siri na lugha ya ridhaa

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inamtaka mtunza data achukue hatua za kiufundi na za kiutawala zinazofaa, na asikae na data kupita muda unaohitajika. Ni sheria nzuri, lakini neno "zinazofaa" halina kipimo cha wakati. Usimbaji unaofaa kwa miezi 6 si lazima ufae kwa miaka 40. Nakivale yenyewe ni ushahidi: makazi yaliyofikiriwa kuwa ya muda yamepita miaka 60. Faili la mkimbizi hubeba sababu ya kukimbia, majina ya jamaa, kabila, pengine chama. Habari hizo zinaweza kumdhuru mjukuu.

Kwa Kiswahili cha kila siku, neno lililo karibu zaidi na usimbaji ni "namba ya siri". Limeenea kiasi kwamba linaelekeza jinsi watu wanavyoielewa siri katika simu: siri ni kitu ninachokijua mimi na ninachopaswa kutomwambia mtu. Ikivuja, kosa ni langu. Usimbaji wa njia ya mawasiliano ni siri ya aina nyingine. Mwenyewe haijui, haioni, na hawezi kuilinda hata akiwa mwangalifu namna gani. Neno moja linapobeba dhana zote mbili, lawama ya mtunzaji huteleza ikamwangukia mteja.

Dhana ya "amana" inaweza kuziba pengo hilo. Mwekewa amana hakipewi kitu kiwe chake. Ameaminiwa, na anadaiwa. Hata hivyo, amana ya benki hurudishwa mwenyewe akiitaka, lakini nakala ya alama ya kidole ikishavuja hairudishiki. Ni amana isiyo na marejesho, na ndiyo maana muda wa kuitunza utajwe waziwazi. Istilahi hizi zijaribiwe kwanza na wasemaji wenyewe, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Bujumbura si cha Unguja, na neno litakalokubaliwa kwenye kamusi laweza kukwama Nakivale.

7.0 Hitimisho

Kwenye njia ya Nakivale hadi Kampala, ugawaji wa funguo kwa fotoni hauwezi kumfikia mwenye siri ndefu kuliko wote. Usimbaji unaohimili kwanta unaweza kuifikia mifumo inayomtunzia siri hiyo. Istilahi "usalama wa kwanta" inauficha uchaguzi huo. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mabaraza ya Kiswahili na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yatenganishe istilahi hizi mbili mapema, kabla nyaraka za ununuzi hazijaandikwa. Pili, UCC iwatake waendeshaji wote wenye leseni ya taifa, wa umma na wa binafsi, kuorodhesha mahali wanapotumia ufunguo wa umma, wakianzia daftari la usajili wa laini, na kueleza tarehe ya kuhama kwa kila mfumo. Tatu, maelezo ya ridhaa yanayosomwa kwa Kiswahili yataje umri wa siri: data hii itatunzwa na nani, kwa miaka mingapi, na nani mwingine anaruhusiwa kuifungua.

Pendekezo la tatu halihitaji mtambo wala mkopo. Linahitaji sentensi chache zilizo wazi, na mwendeshaji aliye tayari kuziweka sahihi.